Kijana Aanzaye Uwakili: Ulimi Wake ni wa Nani?

Siku hizi hapana mwaka upitao katika miji yetu ya Mombasa, Malindi na Lamu ila twasikia kuwa mtoto wa fulani, wa kiume au wa kike, amekwisha masomo yake ya sheria, amepita mitihani ya Chuo cha Sheria cha Kenya, amekaa chini ya wakili mkubwa kwa kujizoeza, kisha jina lake likatiwa katika daftari la mawakili mbele ya Jaji Mkuu. Wazazi hufurahi, nao wana haki ya kufurahi. Huchinjwa mbuzi, huombwa dua, na jamaa huanza kuhesabu kesi za mashamba na nyumba za urithi watakazompelekea bure. Lakini wachache mno wamwambiao kijana huyo neno la maana juu ya kazi yenyewe. Humwambia avae vizuri, ajuane na wakubwa, atafute mahali penye watu wa fedha. Nasaha hizo si mbaya zote, illa hazigusi swali litakalomjia siku ya kwanza atakapokaa kitini pake na mtu akabisha hodi.

Swali hilo tumeletewa katika darasa letu na kijana mmoja wa hapa pwani aliyepata nafasi katika afisi ya wakili mkongwe mjini Isiolo. Asema kuwa watu wa Kulamawe, Kinna na Garba Tula huja mjini na mambo yao: mirathi, mifugo, malisho, vijana waliokamatwa. Hana khofu ya kazi wala ya jua la huko. Khofu yake ni ya ulimi wake. Auliza: mtu akinilipa nimsemee, nami nikajua kuwa hana haki, ulimi wangu siku hiyo ni wake au ni wangu?

Kwa asiyejua, Kulamawe ni kituo katika kaunti ya Isiolo, kwenye njia itokayo Isiolo kwenda Garba Tula. Jina lake ni Kiswahili kitupu, na mtu wa Lamu alisikiapo mara ya kwanza hudhani kuwa afanyiwa mzaha. Wakaazi wake wengi ni Waborana, Waislamu wenzetu, wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Twaona ni vizuri kulitazama swali hili kwa kupitia mahali kama hapo kuliko kwa kupitia Mombasa, ambako barabara moja tu ina vibao vya mawakili kumi. Mahali ambapo wajuao sheria ni wachache na wasiojua ni wengi, uzito wa ulimi mmoja huonekana wazi.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wapo miongoni mwetu wasemao kuwa kazi hii yenyewe ni haramu, kwamba wakili ni mtu aliyekwenda kusomea uwongo. Kauli hii ni ya mtu asiyefungua kitabu. Mlango wa wakala umo katika vitabu vya fiqhi visomwavyo misikitini mwetu, na wanavyuoni wa madhehebu yetu wamejuzisha mtu kumweka mwenziwe amsemee katika ugomvi. Yasimuliwa kuwa Sayyidna Ali, ambaye kwa ujuzi wa hukumu alikuwa mbele ya wengi, hakupenda kuhudhuria magomvi yeye mwenyewe. Alimweka nduguye Aqil amsemee, na Aqil alipokuwa mzee akamweka Abdullahi bin Jaafar. Basi asili ya kazi ni safi. Lakini kujuzu kwa kazi hakujuzishi kila kifanywacho ndani yake. Biashara ni halali, na mwenye kupunja mizani hawezi kujificha nyuma ya uhalali wake.

Khofu ya kijana wetu ina msingi. Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bibi Ummu Salama, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwatahadharisha wagomvi waliomjia kuwa yeye ni mwanadamu ahukumuye kwa ayasikiayo, na huenda mmoja wao akawa hodari wa hoja kumshinda mwenziwe. Basi anayepewa haki ya nduguye kwa njia hiyo, hukumu haikumhalalishia kitu, na alichokichukua ni moto. Tuyatafakari maneno haya. Hakimu hapa ni mbora wa viumbe, na hata hivyo ufasaha wa mtu waweza kuipotosha hukumu. Sasa itakuwaje kwa hakimu wa leo, mwenye mafaili mengi mezani? Na hodari wa hoja ni nani katika zama zetu ila wakili? Hadithi yamtaja mwenye kupewa, lakini hapana mwenye akili atakayesema kuwa aliyemtengenezea hoja hana fungu lake.

Kuna na kisa kingine, nacho kimeteremshiwa aya katika Suratun Nisaa. Deraya iliibwa Madina. Mwizi alikuwa mtu wa nyumba moja ya Waislamu, na mali ikaonekana kwa Myahudi mmoja, ama kwa kuwekwa amana au kwa kutupiwa. Watu wa ukoo wa mwizi wakaenda kwa Mtume usiku kumtetea jamaa yao, na kulisukuma kosa kwa yule Myahudi. Ikateremka Qur'ani kumsafisha asiye na kosa na kukataza kuwatetea wenye kufanya khiyana.

Wengi wetu tukisoma kisa hiki hushika upande mmoja tu, tukasema: mnaona, mhalifu hatetewi. Lakini kina pande mbili. Yule Myahudi naye alikuwa mshitakiwa, peke yake, mgeni wa dini na ukoo, na mji wote uko tayari kuamini kuwa ndiye. Lau pangekuwa na mtu wa kusimama na kusema, "Leteni ushahidi," mtu huyo angekuwa upande wa haki, japokuwa barazani angeitwa mtetezi wa wezi. Kosa la ule ukoo halikuwa kutetea. Lilikuwa kwamba walijua, kisha wakatumia maneno yao kumtwika mwengine mzigo.

Na hapa ndipo habari za Isiolo zinapotufaa, kwani watu wa nchi ile wamekaa miaka mingi chini ya sheria isiyouliza ushahidi. Serikali ya Kiingereza iliifunga nchi ya kaskazini kwa sheria ya mwaka 1902, ikawa mtu haingii wala hatoki ila kwa ruhusa. Mwaka 1934 ikaja sheria nyengine iliyowapa wakuu wa majimbo uwezo wa kulikamata kabila pamoja na mifugo yake kwa makosa ya wachache. Fikiria, ndugu msomaji: ngamia wako huchukuliwa kwa kuwa mtu usiyemjua, wa kabila lako, ameiba mahali usipopajua. Sheria hizi hazikuondoka na Mwingereza. Zilibaki vitabuni hata zikafutwa mwaka 1997.

Kisha vikaja vita vilivyoitwa vya Shifta, tangu 1963 mpaka 1967. Mifugo ya Isiolo iliuawa na kutwaliwa, na watu wakakusanywa vijijini chini ya ulinzi, wakazuiwa kufuata mvua na malisho. Waborana wauita wakati ule Gaf Daba, yaani wakati mambo yaliposimama. Wengi waliokuwa na makundi makubwa walitoka humo maskini wa kuomba. Na vita vilipokwisha, Bunge lilipitisha mwaka 1970 sheria ya kinga, iliyozuia kesi juu ya yale yaliyofanywa na askari na watumishi wa serikali kwa jina la kulinda amani kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967. Mahali palipotajwa ni jimbo la Kaskazini Mashariki, na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Ndiyo, Lamu imo. Msomaji wetu wa pwani asidhani kuwa twamhadithia habari za watu wa mbali. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika mateso ya kaskazini katika ripoti yake ya mwaka 2013, lakini kuandikwa katika ripoti si sawa na kusikilizwa na jaji.

Mtu aliyepitia hayo, au mjukuu wake, akikwambia kuwa kijana wake amekamatwa kwa wizi wa ng'ombe, usimwulize kwanza kama kijana ni mwema. Uliza: amefikishwa mbele ya hakimu? Amejulishwa kosa lake kwa lugha aifahamuyo? Shahidi ni nani, na aliona kwa macho au alisimuliwa? Wakili ayaulizaye haya hamsaidii mwizi kuiba. Aizuia dola isirudi kwenye desturi ya kuwaadhibu watu bila ya kuthibitisha. Hata kama moyoni ashuku kuwa kijana amefanya, hakupewa yeye kazi ya kuhukumu. Akaiacha kazi yake akaishika ya hakimu, kila mwenye sura ya kushukiwa atakosa mtetezi, na sote twajua ni sura za kina nani zishukiwazo haraka katika vituo vya polisi vya nchi hii.

Mipaka ipo hata hapa. Kumwambia mshitakiwa haki zake na kuupima ushahidi wa upande wa pili ni kazi ya halali. Kumfundisha shahidi aseme asiyoyaona ni kushiriki katika uwongo. Na iko tabia moja twaichukia sana: kijana wa kiume ameshitakiwa kwa kumwingilia binti kwa nguvu, na wakili, badala ya kuujibu ushahidi, amwuliza binti mbele za watu maswali ya kumfedhehesha ili anyamaze. Huyo ameiacha ngao ameshika kisu, japokuwa jina la kazi ni lile lile, utetezi.

Basi jawabu letu kwa kesi za jinai ni jepesi kuliko wengi wadhanivyo. Uzito uko mahali pengine ambapo wasemaji wa barazani hawapatazami, nako ni kwenye kesi za mali. Huko hapana gereza wala kitanzi, na wakili hulala usingizi mzuri. Na huko ndiko haki za watu zinakokatwa zaidi.

Tuseme mtu wa Kulamawe amefariki. Hakuacha baba wala mama wala mtoto wa kiume. Ameacha mke mmoja, mabinti wawili, na ndugu yake khalisa wa kiume. Deni limelipwa, na ngamia waliobaki ni 48. Kila aliyesoma Faraidhi ajua hesabu yake: mke thumuni, nao ni sita; mabinti thuluthi mbili, nao ni thelathini na wawili, kila mmoja kumi na sita; na ndugu hupata kilichobaki, nao ni kumi. Lakini ngamia wote wako malishoni kwa yule ndugu. Naye ndiye mwenye kuuza mmoja akapata nauli na ujira, akaja Isiolo kumwona wakili kabla ya mjane kujua hata afisi iko wapi. Asema: "Kwetu mifugo haigawiwi wanawake. Nataka nibaki nayo."

Kijana wetu aliyesoma sheria akifungua vitabu vyake atauona mwanya. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981, iliitoa nje mifugo na mashamba ya wilaya kadhaa, Isiolo na Lamu zikiwamo, ikasema yafuate sheria au desturi ya jamii ya marehemu. Mwaka 1990 ikarekebishwa, na mirathi ya Waislamu ikarudishwa kwenye sheria ya Kiislamu. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, yampa Kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na wakaikubali mahakama yake. Basi hila ni nyepesi: mwambie ndugu wa marehemu asikubali kwenda kwa Kadhi. Mpeleke mjane kwenye mahakama nyengine, zungumza habari za desturi, omba kesi iahirishwe, na iahirishwe tena. Pengine mwisho utashindwa. Lakini miaka itakuwa imepita, na ngamia ama wameuzwa ama ukame umewamaliza, na hukumu itakuwa karatasi.

Hapana kifungu cha sheria kilichovunjwa. Hapana uwongo uliosemwa. Na mabinti wawili wamekula mawe kweli kweli.

Wenye kuitetea njia hii wana hoja, na si insafu kuzipita. Husema kuwa mahakama zetu zimejengwa juu ya mashindano: kila upande una msemaji wake, kila msemaji huvuta kwa nguvu zake zote, na katikati ya kuvutana huko hakimu huona haki ilipo. Wakili akianza kumhukumu mteja wake ofisini, mteja amehukumiwa mara mbili. Hoja hii ina nguvu, na katika kesi ya jinai tumeikubali karibu yote. Lakini ina sharti lililofichika: kwamba kamba ivutwe na watu wawili. Mjane wa Kulamawe hana wa kumvutia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imeahidi kuwa asiye na uwezo apate wakili, nayo ni sheria njema, lakini baina ya ahadi iliyoko Nairobi na mama aliyeko Kulamawe kuna njia ndefu. Ukivuta kamba kwa nguvu zote na upande wa pili hapana mtu, hujashinda, umemwangusha asiyesimama.

Hoja ya pili ni ile ya "nisipofanya mimi atafanya mwengine". Hii hatuna haja ya kuikalia. Muuza tembo husema hayo hayo.

Je, amfukuze? La, hatusemi hivyo, na hapa ndipo twatofautiana na wale wanaodhani kuwa uchaji ni kufunga mlango. Ndugu wa marehemu ana haki yake, nayo ni ngamia kumi. Amwambie wazi: "Kumi ni wako, nami nitakusimamia mpaka uwapate, na kama umetumia mali yako kuwachunga hawa wengine muda huu, nitakudaia gharama zako. Lakini thelathini na wanane sitakusemea." Mteja aweza kukasirika akaenda zake. Aweza vile vile kukaa, kwani wengi wajao kwa wakili na madai makubwa hawajapata mtu wa kuwaambia hesabu ya kweli kwa upole, na huyu ni Mwislamu, anaposikia Faraidhi husikia kitu akijuacho. Wakili amwambiaye mteja mapema kuwa atashindwa, au kuwa hastahiki kushinda, amemfanyia wema ambao gharama zake zaonekana siku hiyo na faida zake huonekana baadaye. Kijana aanzaye huogopa sana kulisema neno hilo, kwa kuwa adhani mteja mmoja akiondoka afisi itafungwa.

Sasa tuje kwenye ardhi, kwani hapo watu wa pwani tuna ukumbusho wetu. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda wetu wa pwani. Mwenye madai alitakiwa ayapeleke kwa Mwandikishaji na kuyathibitisha, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Aliyekuwa na habari, na karatasi, na mtu wa kumwandikia, alitoka na hati. Aliyekuwa shambani kwake akilima kama babu yake alivyolima hakujua kuwa siku zahesabiwa. Matokeo yake twaishi nayo mpaka leo, watu wakiitwa wavamizi katika viambo walimozikwa wazee wao.

Wafugaji wa Isiolo leo wamesimama mbele ya mlango wa namna hiyo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yasema kuwa ardhi ya jamii isiyokwisha kuandikishwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa amana, nayo haina ruhusa ya kuiuza. Jamii ikijiandikisha huwa na baraza la watu wazima wote, wanaume na wanawake, na baraza huchagua kamati ya watu saba mpaka kumi na watano. Ardhi haiwezi kutolewa ila thuluthi mbili ya wanajamii walioandikishwa wakiridhia. Sheria imekaa vizuri kwenye karatasi. Lakini nani atakayeandika majina, katiba ya jamii, na mihutasari ya mikutano? Ni wakili kijana. Na nani atakayemlipa? Ni kamati, au mtu aliye nyuma ya kamati, na katika nchi ambayo habari za bandari ya Lamu, barabara kuu na mji wa kitalii wa Isiolo zimekuwa zikisemwa tangu mwaka 2012, watu wa nyuma ya kamati hawakosekani.

Swali la ulimi ni wa nani hapa lavaa nguo nyengine: mteja wangu ni nani? Aliyenilipa ni mwenyekiti. Lakini ardhi si ya mwenyekiti. Wenyewe wengine wako malishoni na ngamia, safari ya siku kadhaa. Wengine ni wanawake waliokaa nyuma ya mkutano kwa kuwa hawakuitwa mbele. Kijana aandikaye muhtasari kuwa "jamii imekubali", naye alihesabu kofia thelathini chini ya mti, amefanya khiyana kubwa kuliko mwizi wa deraya, kwani deraya hurudishwa.

Na wakili mwema aweza kufanya nini? Aweza kufanya mengi. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilihukumu kuwa hifadhi mbili za wanyama katika Isiolo, za Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha katiba, bila ya wenyeji kushirikishwa ipasavyo. Walioshitaki ni wananchi, wafugaji, dhidi ya watu wenye fedha na majina makubwa. Hukumu kama ile haiji kwa kelele sokoni. Yataka mtu akae na faili, akusanye viapo, awaulize wazee mmoja mmoja nani aliitwa mkutanoni na nani hakuitwa. Mtu yeyote aweza kuwa na maoni yake juu ya hifadhi na faida zake, lakini kuulizwa kwanza ni haki ya mwenye ardhi.

Tumesema habari za haki. Tuseme kidogo na habari za tumbo, kwani mtu mwenye njaa humsikiliza nani? Sheria ya Mawakili yamtaka kijana afanye kazi ya mshahara kwa miaka miwili, ama serikalini ama chini ya wakili aliyekwisha kufanya kazi hii miaka mitano, kabla hajajisimamia peke yake. Wengi huliona sharti hili kuwa kizuizi. Sisi twaliona kuwa ni ngao. Aliye chini ya mwengine aweza kusema "sifanyi" bila ya kukosa kodi ya nyumba mwezi ule. Aliyefungua afisi kwa mkopo, na gari kwa mkopo, na suti kwa mkopo, ameuza ulimi wake kabla mteja wa kwanza hajaingia. Basi kijana akubali kuvaa viatu vile vile kwa miaka miwili.

Ujira ni halali yake, na aupatane mapema, kwa maandishi, kwa kiasi kinachojulikana. Fikihi yetu yachukia ujira usiojulikana, na sheria ya nchi haiyakubali mapatano ya wakili kununua fungu katika haki inayogombewa, wala ya kulipwa ikiwa kesi imeshinda tu. Mfugaji asiye na fedha mkononi atasema, "Tukishinda chukua ngamia watatu." Ni maneno ya ukarimu, na kijana asiyakubali, kwani tangu siku hiyo ngamia wale humsemesha asiyoyajua. Fedha za wateja ziwekwe mbali na zake katika hesabu yao wenyewe benki, kama kanuni zitakavyo, asikope humo hata kwa siku moja, hata kwa maziko ya jamaa. Mawakili waliofutwa majina yao kwa fedha za wateja, wengi hawakuanza kwa kuiba. Walianza kwa kukopa Ijumaa wakinuia kurudisha Jumatatu.

Tena asidharau suluhu. Kifungu cha 159 cha Katiba chahimiza suluhu na njia za jadi za kumaliza magomvi, maadamu hazivunji haki za mtu. Waborana wana wazee wa malisho, jarsa dedha, na wasimamizi wa visima, aba herega, ambao wamekuwa wakiamua nani anyweshe kwanza wakati wa kiangazi kabla ya mahakama yoyote kujengwa Isiolo. Kesi ya kisima ikipelekwa mahakamani huchukua miaka, na ng'ombe hawangoji miaka kunywa maji. Lakini suluhu ya wazee huwa na kasoro ile ile ya kamati: mjane hayumo. Wakili akikaa katika suluhu, kazi yake ni kuona kuwa yule ambaye jambo lamhusu amekaa ndani ya duara na amesikilizwa.

Kijana wetu basi twamwambia aende Isiolo. Na kwa kuwa hajui Kiborana, atafute mkalimani asiye jamaa wa upande wowote, amlipe yeye mwenyewe kutoka katika ujira wake ili asiwe na deni kwa mteja. Kila waraka usomwe kwa lugha ya mwenye kuutia kidole, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, na akisema hakufahamu usomwe tena. Na mwanamke akija na shemeji yake kutia kidole kuwa ameacha fungu lake, amwombe shemeji atoke nje akanywe chai, kisha amwulize mwanamke tena.